Wana Miezi Minne

Kioo hakuzaliwa akiitwa Kioo. Jina lake la cheti analijua mkewe na mwenye nyumba, basi. Hili la Kioo alipewa enzi anakata vioo vya madirisha, akaendelea nalo alipoanza kuunganisha matangi ya samaki, na likamganda kabisa alipoachana na samaki akahamia kwa kamba. Si kamba wa kuliwa, hapana. Hawa ni wale wadogo wa maji yasiyo na chumvi, wekundu kama pilipili, mkubwa wao hazidi pingili ya kidole gumba. Watu wanawaweka sebuleni kwenye tangi la kioo, wanawatazama wakichakura majani kutwa nzima, na wanasema inatuliza roho.

Kioo alikuwa na sentensi moja iliyomlisha. Fupi, haina hata koma: "Hawa wana miezi minne."

Ili uielewe hiyo sentensi lazima umjue kamba. Kamba wa aina hii haishi sana. Mwaka na nusu, akitunzwa kama yai labda miwili. Anaanguliwa mdogo kama kipande cha uzi, hana hata rangi. Kila akikua gamba linambana, analivua kama wewe unavyolivua shati la shule la mwaka juzi, anajificha siku mbili tatu mwili ukiwa laini, kisha anatoka na gamba jipya. Akifika miezi minne ni mtu mzima, anaweza hata kubeba mayai. Lakini huyo wa miezi minne bado ni mwembamba, rangi haijamkolea, na mteja akimwona anakunja pua: "Hawa mbona wamekonda?" Mteja anataka likubwa, jekundu, linalotembea kwa madaha. Na likubwa jekundu, mara nyingi, ni bibi. Ni mama aliyezaa mara sita, saba, ana mwaka na zaidi, gamba analivua kwa nadra, maisha yamebaki ya kuhesabu kwa vidole.

Sasa Kioo, akina mama wakichoka kuzaa kule nyuma, anawahamishia tangi la mbele, chini ya taa. Mteja anaingia, macho yanamtoka, anauliza umri. Na Kioo, mkavu, anasema ile sentensi.

Wakifa baada ya miezi mitatu au minne, mteja anarudi na uso wa msibani. Hapo Kioo anatoa sentensi ya pili: "Labda ulisahau kitu." Hiyo haijawahi kumwangusha, maana nani hajawahi kusahau kitu? Mteja anakumbuka siku aliyotia mkono bila kunawa, anaomba msamaha yeye, anaondoka na hatia yake kama mtu aliyeazimwa mwavuli. Miaka mitatu mambo yalikwenda hivyo, na Kioo alilala usingizi mnono.

Mpaka alipokuja Mwalimu.

Mwalimu alimfundisha Kioo sayansi darasa la sita, akamchapa mara mbili na kumsifu mara moja. Mama huyu alikuwa amestaafu, anaishi peke yake kwenye nyumba yake, jicho moja lina ukungu na la pili linajikaza. Miezi minne nyuma alinunua kwa Kioo kamba kumi, wale wa mbele, na tangi dogo. Sasa Jumatatu asubuhi hii hapa, akaingia dukani na daftari la jalada la kijani kwapani. Duka lenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: upande huu matangi, upande ule mke wa Kioo na cherehani yake.

"Mwanangu," Mwalimu akasema hata kabla ya kukaa, "nimekuja kukuomba radhi."

Kioo alikuwa anakamua sponji la chujio, maji meusi yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Radhi ya nini tena, Mwalimu?"

"Wale kamba wako. Nimewaua wote."

Upande wa pili wa pazia cherehani ikanyamaza.

Mwalimu akakaa, akafungua daftari. We! Lile halikuwa daftari, lilikuwa jalada la kesi. Kila siku ina mstari wake. Joto la maji asubuhi, joto la maji jioni. Kipande cha mchicha kilichochemshwa, kimewekwa saa ngapi, kimetolewa saa ngapi. Magamba yaliyovuliwa, ngapi na wapi. "Tarehe tisa mmoja amebeba mayai," akasoma, kidole kikifuata mstari, daftari karibu limguse pua. "Tarehe mbili ya mwezi uliofuata mayai hayapo. Watoto sikuwaona. Nikaandika: ameyatupa. Ndiyo, mwanangu? Huwa wanayatupa?"

"Wakishtuliwa wanatupa," Kioo akasema.

"Basi nilimshtua." Akafungua ukurasa mwingine. "Nimewachora pia, ili nisiwachanganye. Huyu ndiye aliyebeba mayai, mkubwa kuliko wote. Sharubu ya kushoto fupi, haikuota tena."

Kioo akatazama mchoro. Penseli, mistari michache, lakini angemtambua hata kwenye umati. Yule alimwita Bi Mkubwa. Alizaa kwenye tangi la nyuma tangu mvua za mwaka juzi, nusu ya kamba wa duka lile ni wajukuu zake. Siku alipomtia kwenye mfuko wa Mwalimu alikuwa na miezi kumi na mitano, tena hapo anampunguzia.

Sasa hapo ndipo mtu angesema. Lakini pembeni, kwenye tangi la mbele, alisimama mteja mwingine, jamaa wa miraba minne kavaa tai, pua imekaribia kugusa kioo na masikio ameyatega huku. Kioo akajikuna shingo, akaanza safari aliyoizoea.

"Dawa ya mbu hukupuliza, Mwalimu?"

"Sipulizi. Nina chandarua."

"Sabuni? Mtu akitia mkono wenye sabuni..."

"Mkono hautii mtu ila mimi, na nauosha kwa maji matupu."

"Maji mapya ulitia mengi kwa mpigo?"

"Kikombe kikombe, kila Jumamosi, yakiwa yamelala kwenye ndoo. Kama ulivyonielekeza."

Ukweli ni kwamba Kioo mwenyewe hakuwahi kuwatunza kamba hivyo. Yeye Jumamosi yenyewe anaikumbuka Jumatatu. Akatazama lile daftari, akamtazama mwenye tai, na mdomo ukajisemea wenyewe, kama mlango uliozoea kufunguka upande mmoja:

"Basi labda ulisahau kitu, Mwalimu."

Wateja wengine wakiambiwa hivyo wanabisha kidogo, wanacheka, wanakubali. Mwalimu hakubisha. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge muda mrefu kuliko inavyohitaji kufutwa.

"Inawezekana," akasema. "Hicho ndicho anachosema mwanangu mkubwa. Mama, umesahau bomba. Mama, umesahau mlango wazi. Anataka nihamie kwake, nyumba yangu ipangishwe. Nikamwambia, tuwekeane sharti. Kamba wanaishi mwaka na zaidi. Hawa wana miezi minne. Wakifikisha mwaka mikononi mwangu, kwa daftari, bila kukosa siku, usiniguse. Wakinifia, nafunga mizigo mwenyewe." Akavaa miwani. "Kumbe ananijua kuliko ninavyojijua."

Kioo akaendelea kukamua sponji lililokwishakauka.

"Jumamosi nahama," Mwalimu akasema. "Alhamisi pitia ulichukue lile tangi. Sitaki kitu. Samahani kwa kuwaulia viumbe wako."

Akainuka, akakunja daftari, akaelekea mlangoni akipapasa fremu. Alikuwa bado kwenye ngazi, mguu mmoja ndani mmoja nje, pale yule mwenye tai alipogonga kioo kwa kucha. "Bwana, hawa wakubwa hawa, wana umri gani?"

Na Kioo, Mwenyezi Mungu amwone, akasema: "Miezi minne."

Alimwona Mwalimu akitingisha kichwa pale mlangoni, taratibu, kama mtu anayekumbushwa msiba wake. Kisha akaondoka.

*

Alhamisi mchana akaenda na ndoo mbili na mkokoteni wa kuazima. Alikuwa ameomba Mungu mvua inyeshe. Jua likawaka kwa makusudi.

Nyumba ilikuwa imeshaanza kutoa mwangwi. Maboksi yamepangwa sebuleni, kila moja limeandikwa kwa kalamu nene: VITABU 1, VITABU 2, JIKONI, VITABU 3. Ukutani palipokuwa na picha pamebaki miraba ya rangi mpya. Mtoto mkubwa wa Mwalimu, mpimaji ardhi, alikuwa amepiga magoti anapima kabati kwa futi ya chuma, na alipomwona Kioo akasimama, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Fundi, karibu. Wewe ndiye umetuokoa, ujue."

"Mimi?"

"Miaka miwili namwambia mama, neno langu halifiki. Kamba wako ndio wamesikika." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Nilikuwa nalala na simu mkononi. Nikifikiria lile bomba, ule mlango. Sasa nitalala."

Kioo akatafuta jibu mahali pote kichwani, akapata "Haya." Akainamia tangi.

Lilikuwa juu ya meza ndogo karibu na dirisha, kiti kimoja mbele yake, na kwenye kiti mto uliochukua umbo la mtu akaaye hapo kila siku. Kioo cha tangi kisafi, hata alama ya kidole hakuna. Kipimajoto kimefungwa kwa uzi. Kwa desturi mtu akikata tamaa na tangi maji yananuka, yanakuwa kijani. Haya ungeweza kuyanywa. Akanyonya mpira, maji yakaanza kushuka ndooni, na kwa muda wote ule akawa anatazama maji tu, maana kila alipoinua macho palikuwa na boksi.

Mwalimu akaja na chai. "Kunywa, mwanangu. Umetembea na jua."

"Nimeshiba, Mwalimu."

"Chai haishibishi mtu. Kunywa." Akasimama akitazama tangi likishuka. "Hilo mpe mtoto yeyote mwenye hamu. Ila awe mtoto asiyesahau."

Chai ile ilikuwa na sukari ya kutosha, lakini Kioo aliimeza kama dawa ya minyoo.

Akabeba tangi na mchanga wake, majani ya majini na maji yake kwenye ndoo, maana fundi hamwagi maji mazuri. Njiani mtu mmoja akamtania, "Kioo, leo umeuza au umenyang'anya?" Kioo akazidi kusukuma mkokoteni.

*

Ijumaa asubuhi akaamka kuliosha lile tangi, alimalize, lisimtazame tena. Akamimina maji ya ndoo kwenye beseni jeupe la mkewe, akatia furushi la majani, akalitikisa.

Kitu kikaruka.

Akadhani ni tone. Akatikisa tena. Vikaruka viwili, kinyumenyume, vile asivyoruka kiumbe mwingine. Akachukua tochi, akapiga magoti, akalaza shavu karibu na maji. Wakaonekana. Wadogo kama punje ya mchele iliyovunjika, wazi kama maji yenyewe, ungeona kidoti cheusi cha jicho na kamstari kekundu mgongoni, basi. Akahesabu mpaka kumi na saba, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kumi na tisa.

Bi Mkubwa hakuyatupa mayai. Aliyabeba wiki zake tatu na zaidi mpaka yakaanguliwa, na watoto wakajificha kwenye majani, na jicho lenye ukungu halikuwaona. Wiki tatu hivi walikuwa wamekua mle, wamevua magamba yao madogo mara kadhaa, wakila uchafu wa majani, wazima wa afya.

Mkewe akaja kudai beseni. Akainama, akatazama, akanyoosha mgongo.

"Hawa wa nani?"

"Wa kwa Mwalimu."

"Si ulimwambia amewaua kwa kusahau?" Mkewe akaweka mkono kiunoni. Huyu mama ana ulimi unaokata kuliko mkasi wake. "Nieleze mimi fundi wa nguo, nisiyejua kamba. Hiyo sumu ni ya aina gani, inachagua mabibi inawaacha vichanga?"

"Punguza sauti."

"Nani anasikia? Kamba?" Akavuta kigoda, akakaa, na sauti ikashuka kweli. "Baba watoto. Mimi nimekaa nyuma ya lile pazia miaka mitatu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mimi nimeosha sana. Jamaa anakuja kuonyesha mapambo yake yamekufa, unamtania, anaondoka, najisemea, ah, biashara. Lakini Jumatatu yule mama alipofuta miwani, nilijidunga sindano kidoleni. Tazama." Akamwonyesha kidole. "Anahama nyumba yake kwa neno lako."

"Nitamwambiaje? Nitasemaje?"

"Ulipokuwa unasema miezi minne mbona hukuuliza utasemaje?"

Kioo akabaki amepiga magoti mbele ya beseni kama anayeswali. Na nikueleze kilichompita kichwani, maana si kizuri. Alifikiri hivi: hakuna ajuaye. Mwalimu mwenyewe alisema chukua yote. Ukiwatia hawa kumi na tisa kwenye tangi la nyuma wanachanganyika na binamu zao, na kesho gari linakuja, mambo yamekwisha, na yule mtoto wake atalala usingizi. Karibu ajiambie kwamba ni kwa faida ya Mwalimu. Alishaushika mpaka ule wavu mdogo. Ndipo alipohisi masikio yake yanawaka moto, yuko peke yake na mkewe na vichanga, hakuna hata anayemcheka.

Akauweka wavu chini. "Nipe chupa yenye mdomo mpana," akasema.

*

Alitembea ameikumbatia ile chupa tumboni, chini ya shati, isipigwe na jua. Watu walidhani anaumwa.

Alimkuta Mwalimu amekaa juu ya boksi la VITABU 2, na mtoto wake anafunga godoro kwa kamba ya katani. Kioo akaweka chupa juu ya meza ndogo, palepale tangi lilipokuwa.

"Mwalimu, nimekuta watoto. Kwenye majani. Kumi na tisa."

Mwalimu akasimama haraka kuliko umri wake. "Watoto wa kamba?"

"Wazima. Kwa hiyo, yaani, inaonekana kwamba, wale wakubwa, pengine, labda umri nao..." Maneno yakamwishia. Alikuwa anatafuta njia ya uchochoro, unajua, ile ya kutokea nyuma ya nyumba bila kupita mlangoni.

Mwalimu akamtazama kwa lile jicho moja zima. Miaka zaidi ya ishirini imepita, lakini Kioo alihisi amevaa kaptula.

"Sentensi nzima," Mwalimu akasema. "Nani alifanya nini."

Mpimaji ardhi akaacha godoro.

"Mimi," Kioo akasema. Akaanza upya. "Mimi nilikuuzia kamba wazee. Wana mwaka na miezi. Nilijua. Yule mwenye sharubu fupi nilimlea mwenyewe. Hukuwaua, Mwalimu. Walizeeka. Maji yako ni mazuri kuliko yangu, ndiyo maana hawa vichanga wamepona. Maji mabaya yanaua mtoto kwanza."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda zake.

"Jumatatu," Mwalimu akasema taratibu, "nilipokuja kukuomba radhi. Ulikuwa unajua?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa njia nzima. La kuuza lina kisingizio, kila mtu anauza. La Jumatatu halina.

"Nilikuwa najua."

"Na nilipokueleza habari ya nyumba?"

"Nilikuwa najua, Mwalimu."

Mpimaji ardhi alikuwa amemfikia, mishipa ya shingo imesimama. "Wewe mtu wewe! Nimekushika mkono hapa! Nimekushukuru!" Kioo hakurudi nyuma. Alitamani apigwe, apate cha kuuguza. Lakini mkono ule uliinuka nusu, ukashuka, na mwenyewe akaenda kukaa juu ya JIKONI, vyombo vikalia ndani.

"Daftari langu," Mwalimu akasema. "Na miwani. Miwani yangu iko wapi?" Akapapasa meza, akapapasa dirisha, akageuka huku na huku. Ilikuwa kichwani pake, imekaa juu ya kilemba. Mtoto wake akaiona, akamtazama Kioo, akatazama chini. Mwalimu akagusa kichwa. Akaishusha puani pole pole.

"Usinitazame hivyo," akamwambia mwanawe. "Ilikuwa inakaa hapa hata nikiwa na miaka thelathini. Muulize huyu, kama leo ni siku yake ya kusema kweli."

"Ni kweli, kaka," Kioo akasema. "Darasani tulikuwa tunamwacha aitafute mpaka kengele inalia."

Kikapita kitu kama kicheko usoni mwa mpimaji ardhi, hakikukaa.

Mwalimu akafungua ukurasa wa mwisho, akausukuma mezani pamoja na kalamu. Kioo akasoma. Tarehe, joto la maji, kisha: *Wa kumi amekufa leo. Sababu: nadhani kuna kitu nimesahau. Nimefikiria usiku kucha, sijui ni kitu gani.*

"Andika sababu," Mwalimu akasema. "Kwa mwandiko wako. Usivuke mstari."

Kioo akaandika. Mwandiko wake siku zote unaonekana kama kuku kapita, lakini aliukaza mpaka vidole vikauma. *Walikuwa wazee. Niliwauza nikijua. Mwalimu hakusahau kitu.* Akaweka jina lake la cheti, lile la mkewe na mwenye nyumba. Sina hakika kama aliwahi kuandika kitu kirefu zaidi ya hicho tangu amalize shule.

Mwalimu akausoma karibu na pua, akafunga daftari.

"Gari la kesho, liambie lisije," akamwambia mwanawe.

"Mama. Si kamba tu. Kuna bomba. Kuna mlango."

"Upo sahihi. Bomba tutakaa tulizungumze, na mlango pia. Lakini tutazungumza habari ya bomba. Hatutazungumza habari ya kamba." Kisha akamgeukia Kioo. Siku zote alimwita mwanangu, hata Jumatatu, hata jana na ile chai. Alimtazama, na Kioo akaona kabisa lile neno likifika mdomoni mwake na kurudi ndani.

"Lete tangi langu," akasema, "fundi."

*

Alilirudisha jioni ileile, akatia mchanga, akatia maji yake, akawashusha vichanga kwa kikombe, tone kwa tone, wasishtuke. Hakupewa chai.

Dukani akakata vipande vya karatasi, akabandika kwenye kila tangi umri wa waliomo. Akina mama akawarudisha nyuma wakazeeke kwa heshima. Tangi la mbele wakakaa vijana wembamba wa rangi ya maji ya nyanya. Wateja wakakunja pua kama ilivyotarajiwa. Yule mwenye tai alirudi baada ya miezi mitatu, mfuko mkononi, uso wa msibani, na kabla hajafungua mdomo Kioo akamwambia, "Hukusahau kitu, bwana. Nilikuuzia wazee." Jamaa alimtukana matusi ambayo mke wa Kioo aliyaomba yarudiwe, maana mengine hakuwahi kuyasikia. Akapewa vijana ishirini bure, akaondoka bado anatukana.

"Biashara imekonda kama kamba wako," mkewe akamtania.

"Acha ikonde."

Mwalimu alikuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, amebeba daftari lake. Anasoma, Kioo anasikiliza akiwa amesimama. Mwezi wa kwanza: watoto wameanza kuonekana bila tochi. Wa pili: wengine wana wekundu mgongoni, magamba sita kwenye mchanga wiki moja. Habari za bomba Kioo hakuuliza, na hakuambiwa. Alisikia tu kwa watu kwamba mtoto wa Mwalimu anakuja kila Jumapili, na kwamba pale nje kwenye mlango kuna komeo jipya linalojifunga lenyewe.

Mara ya nne Mwalimu akaja na mchoro mpya. Kamba mwembamba, sharubu zote mbili ndefu, na kwenye shingo kivuli cha njano, yaani mayai yanayojiandaa. Kioo akautazama. Akahesabu kichwani kuanzia ile siku mayai yalipopotea kwenye daftari, wiki kwa wiki, asikosee.

"Hawa sasa," akasema, na masikio yakaanza kumwaka vilevile, maana sentensi ile alikuwa hajaitamka tangu zile siku, "hawa wana miezi minne."

Mwalimu hakuinua macho. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa daftari.

"Najua," akasema. "Nimeandika." Akafunga daftari, akapapasa fremu ya mlango, akashuka ngazi. "Kwaheri, fundi."